Tandika, Dubai, Guangzhou

Ukiiuliza simu yako ni umbali gani kutoka Dubai hadi Guangzhou, itakujibu papo hapo: kilomita 5,800 hivi, na kwa ndege ni muda wa saa saba na kitu. Ukimuuliza dada mmoja mkata tiketi mwenye fremu yake Tandika, nyuma kidogo ya soko, hakupi jibu kwanza. Atakuuliza, "Unakwenda au unarudi?" Ukishamwambia, atauliza tena, "Mwezi gani?" Nimekaa mara nyingi kwenye fremu ile, na kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba maswali yake mawili yamebeba elimu ambayo jibu la simu halina.

Jina lake silitaji, kwa kuwa hapendi. Fremu ni nyembamba: meza, kompyuta moja, printa, feni, na viti viwili vya plastiki kwa wateja wazito. Ukutani hakubandika picha za maghorofa ya Dubai kama wenzake. Amebandika kalenda mbili, moja ya miezi ya Kiislamu na nyingine ya Wachina. Wateja wake wengi ni watu wa kufuata mzigo. Maduka yao yako Kariakoo, lakini wanalala Mbagala, Yombo, Mtoni Kijichi na Keko. Wapo pia wanaovuka mji mzima kutoka Tegeta na Bunju, huko Kinondoni, kwa sababu ndugu zao wamewaambia kwamba dada huyu akikuandikia saa, ni saa hiyo.

Kazi hiyo watu huiita kukata tiketi, kana kwamba ni kubonyeza na kuchapisha karatasi basi. Mimi naiona ni ufundi kamili, wenye zana zake, hesabu zake na miiko yake, na naona haujasifiwa inavyostahili.

Tuanze na lile la kwenda na kurudi. Juu kabisa, kilomita kumi mpaka kumi na mbili kutoka ardhini, zinakopita ndege kubwa, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Katika miezi ya baridi ya nchi za kaskazini, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, mkondo huo hushuka upande wa kusini ukapita juu ya kaskazini mwa India, kandokando ya milima ya Himalaya, ukaendelea hadi kusini mwa China. Mara nyingi huvuma kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ndege kubwa ya masafa marefu hukata hewa kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Ikiupata upepo huo mgongoni, hata kwa sehemu tu ya njia, ardhi iliyo chini yake huanza kupita kwa kilomita 1,000 na zaidi. Ikiupokea usoni, mwendo wake juu ya ardhi hushuka mpaka 800 na wakati mwingine chini ya hapo. Rubani hajapunguza moto, na Dubai na Guangzhou hazijasogea. Hata hivyo anayekwenda mashariki hukaa hewani muda wa saa saba, na anayerudi hukaa saa nane au zaidi.

Ndiyo maana dada anauliza mwezi. Ikifika Julai mkondo ule umehamia kaskazini, mbali na njia, na pengo kati ya kwenda na kurudi hupungua. Hakufundishwa haya darasani. Alianza kuyaona kwenye kaunta buku lake, kwa kuwa ana mazoea ya kumpigia kila mteja anayerudi na kumuuliza mambo mawili: magurudumu yaliachia ardhi saa ngapi, na yaligusa saa ngapi. Anaandika mwezi, njia na muda. Baada ya miaka ya kuandika hivyo, upepo ulijionyesha wenyewe kwenye kurasa. Alipokuja kusoma habari za mkondo ule alikuwa tayari anaujua kwa athari zake.

Pwani yetu imeishi na jambo hili tangu zamani, ila upepo wenyewe ulikuwa wa chini, wa kwenye tanga. Kaskazi ilileta majahazi kuanzia Desemba, kusi ikayarudisha kuanzia Aprili, na nahodha aliyeuliza "ni mbali kiasi gani?" bila kutaja msimu alikuwa hajauliza kitu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, akang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Kalikuti, siku 26 kwa masafa ya kilomita 4,200 hivi. Aliporudi hakusubiri upepo wake. Alianza kuvuka mwezi Oktoba, kaskazi ikiwa bado haijashika, na akafika pwani ya Afrika Januari 1499, baada ya karibu miezi mitatu baharini, na mabaharia wake wengi walikufa njiani. Ni bahari ile ile, na masafa karibu yale yale.

Manahodha wa bahari hii walikuwa na namna ya kuhesabu inayoendana na ukweli huo. Hawakuhesabu njia kwa maili. Walihesabu kwa zamu, yaani mwendo wa chombo kwa muda wa saa tatu, zamu nane kwa usiku na mchana. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mnamo 1490 hivi, alipima kimo cha nyota kwa vidole na urefu wa njia kwa zamu. Umbali kwake ulikuwa ni muda, na muda ulikuwa ni upepo. Namwona dada wa Tandika yuko katika ukoo huo wa watu, ingawa yeye hajawahi kukanyaga jahazi.

Siku moja aliingia mama wa makamo kutoka Mbagala Rangi Tatu, mfanyabiashara wa mikoba na viatu vya kike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka kwenda Guangzhou, ila nipitie Dubai nilale siku mbili, nina mtu wa kuonana naye."

Dada alifungua ukurasa mpya wa kaunta buku, akaulaza, akapiga mstari mrefu kwa rula. Juu ya mstari akatia vituo: Mbagala, Uwanja, Dubai, Guangzhou. Kisha akachukua kalamu ya bluu na kuandika, juu ya kila kituo, saa ya mahali pale kama inavyosomeka kwenye tiketi. Akaiweka chini, akachukua nyekundu, na chini ya kila kituo akaandika saa ya Dar wakati huo huo. Kuondoka Dar saa kumi na dakika 45 jioni, juu na chini sawasawa. Kufika Dubai, juu saa tano na robo usiku, chini saa nne na robo, kwa kuwa Dubai wametutangulia saa moja. Siku ya tatu, kuondoka Dubai, juu saa nne na nusu asubuhi, chini saa tatu na nusu. Kufika Guangzhou, juu saa tatu na dakika 45 usiku, chini saa kumi na dakika 45 jioni.

Mama aliutazama ule mstari kwa muda. "Hapa juu naona nimepanda asubuhi nikashuka usiku. Kumbe ni saa ngapi za kukaa?"

"Soma nyekundu, mama. Saa tatu na nusu mpaka saa kumi na dakika 45. Saa saba na robo."

Tiketi huandika kila saa kwa majira ya mahali husika, na msomaji akitoa moja kwa nyingine anapata saa kumi na moja na robo, akaingiwa na hofu bure. China yote, pamoja na ukubwa wake, inatumia majira ya aina moja, saa tano mbele yetu. Kuirudisha safari nzima kwenye saa ya nyumbani ndiyo kazi ya kalamu nyekundu, na hapo ndipo nilipoona faida ambayo sikuitarajia. Mama alisema ana sukari, anameza vidonge saa moja asubuhi na saa moja usiku. Dada hakushtuka. Alishusha kalamu kwenye mstari mwekundu, akatia nukta mbili kwa kila siku ya safari, kisha akapanda nazo juu kwenye bluu.

"Ukiwa Guangzhou, mama, saa moja asubuhi ya Mbagala ni saa sita mchana ya kule. Saa moja usiku ya Mbagala ni saa sita usiku ya kule."

"Kwa hiyo mwanangu ni saa sita na saa sita?"

"Saa sita na saa sita. Ila kwanza mwone daktari wako kabla hujaondoka, umwonyeshe karatasi hii. Yeye ndiye atakayekwambia ubaki na saa za nyumbani au uhamie za kule."

Alichana ukurasa, akaupiga picha kwa ajili ya kumbukumbu yake, akampa mama. Alikuwa hajakata tiketi bado.

Kuna jambo jingine kwenye saa ya tiketi ambalo wengi hawalifahamu. Muda ulioandikwa hauanzi ndege inaporuka. Huanza inapoachia maegesho, na huisha inapofika maegesho ya upande wa pili. Ndani yake mna kusota ardhini kwenda kwenye njia ya kurukia, kupanga foleni nyuma ya nyingine, na kwa viwanja vikubwa kama Dubai na Baiyun ya Guangzhou kusota huko si kudogo. Mashirika huongeza pia dakika za akiba ili ndege isihesabiwe kuwa imechelewa. Dada ana safu mbili kwenye kaunta buku kwa ajili hiyo, moja ya saa za tiketi na moja ya saa za hewani. Anayeogopa kupaa humwambia za hewani, kwa kuwa ni pungufu. Anayesubiriwa na mtu kule humwambia za tiketi, na juu yake humwongezea za uhamiaji na za kusubiri begi.

Na mwezi wa Ramadhani ana hesabu ya tatu. Anayepanda Dubai saa nne na nusu asubuhi akiwa amefunga anakimbilia upande jua linakotoka, kwa hiyo mchana wake unafupishwa. Jua humzamia hewani, karibu na saa tisa mchana kwa saa ya Dar, dirishani kukiwa kumeshaiva magharibi. Kwa wengine jambo hilo huleta wasiwasi: nifungue kwa saa ipi? Yeye hatoi fatwa. Anamwambia mteja mapema kwamba hali hiyo itamkuta, na saa itakayomkuta, ili akamuulize shekhe wake akiwa bado yuko chini, Tandika, na nafasi ya kuuliza ipo.

Kuna kosa moja analolipigania kuliko yote, nalo ni la usiku wa manane. Tiketi imeandikwa Jumatano, 03:35. Kwa hesabu yetu ni saa tisa na dakika 35, usiku wa kuamkia Jumatano. Mtu wa Temeke akiona Jumatano na akajua ndege ni ya usiku, anaaga Jumatano baada ya magharibi, anapikiwa, anasindikizwa na gari la ndugu, na wanapofika uwanjani ndege imeondoka tangu alfajiri ya siku hiyo. Mwingine anaiona 03:35 anaisoma saa tatu na nusu asubuhi. Kwa hiyo dada hamkabidhi mtu tiketi ya usiku bila kuandika kwa mkono wake juu ya karatasi, kwa herufi kubwa: UNATOKA NYUMBANI JUMANNE USIKU. Halafu anamwambia mteja asome kwa sauti. Nimeona wafanyabiashara wakubwa, wenye makontena yao bandarini, wakisoma kwa sauti mbele yake kama wanafunzi, na hakuna aliyekasirika.

Baada ya saa zinakuja njia. Kutoka Dar hadi Guangzhou, ukipiga mstari mnyoofu juu ya tufe la dunia, ni kilomita 8,700 hivi. Wengi hawaendi kwa mstari huo, kwa kuwa mashirika yana vituo vyao. Kupitia Dubai ni kilomita 4,000 na kisha 5,800. Kupitia Addis Ababa ni kama 1,760 na kisha zaidi kidogo ya 8,000. Jumlisha: njia zote mbili zinagonga 9,800. Kupitia Doha inafika kama 10,000. Mtu wa kawaida atasema basi ni kitu kimoja, achukue yenye bei ndogo. Dada hasemi hivyo. Jumla ni moja lakini mgawanyo si mmoja. Njia ya Addis ina kipande kifupi na kingine kirefu sana, karibu saa kumi za kukaa pamoja. Ni nzuri kwa kijana anayetaka kulala usiku mzima bila kuamshwa. Njia ya Dubai inagawanyika karibu na katikati, na inampa nafasi ya kutembea mtu ambaye miguu yake huvimba. Yule mama wa Mbagala hata asingekuwa na mtu wa kuonana naye Dubai, dada angempitisha huko huko. Aliniambia hivyo mama alipokwisha ondoka. "Umemwona anavyokaa? Anabadilisha mguu kila mara. Saa kumi mfululizo zitamuumiza."

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Masafa kwenye skrini ni sawa kwa kila mtu. Yeye anayasoma pamoja na mwili wa anayekwenda.

Njia iliyonyooka nayo imewahi kupatikana. Air Tanzania ilipopata Boeing 787 ilianza kwenda Mumbai mwezi Julai 2019, kilomita 4,700 hivi, na baadaye ikaenda Guangzhou. Nilipotazama mstari ule mnyoofu wa Dar hadi Guangzhou juu ya ramani, nilitaka kujua nusu ya njia iko wapi. Iko baharini, mbele ya pwani ya Kerala, mkabala na sehemu iliyo kati ya Kochi na Kozhikode. Kozhikode ndiyo Kalikuti ya manahodha. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuja kupita Kalikuti miaka kadhaa baadaye akakuta bandarini merikebu za China zikisubiri msimu wa kurudi kwao. Hapo ndipo mizigo ya China na mizigo ya magharibi ya bahari ilipokutana na kubadilishana vyombo. Mabakuli ya kaure ya China yaliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, hapa hapa wilaya ya Kinondoni, yalitoka mbali kwa vipande vya safari vya namna hiyo, kila kipande na upepo wake na nahodha wake. Lazima palikuwa na mtu, katika kila bandari, ambaye kazi yake ilikuwa kujua chombo kipi kinaondoka lini na kipi kitakiwahi. Majina ya manahodha wachache tunayo. Ya watu hao hatuna hata moja.

Kuwahishana huko ndiko kunakowatia wateja hasara kubwa leo. Mtu anaona mtandaoni tiketi rahisi ya Dar hadi Dubai kwa shirika moja, na rahisi nyingine ya Dubai hadi Guangzhou kwa shirika jingine, anazinunua zote mbili na kufurahia alichookoa. Anachokuwa nacho ni safari mbili zisizojuana. Begi lake haliendi moja kwa moja, itabidi alitoe Dubai na kulipeleka upya, na kwa hiyo itabidi awe na ruhusa ya kuingia nchini. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni naye: lilimsubiri, hakuja, basi. Kwenye tiketi moja yenye namba moja ya safari, mzigo wa kumfikisha unabaki kwa aliyemuuzia. Nimemsikia dada akikataa kumuuzia kijana vipande viwili vilivyopishana kwa saa mbili tu, ingawa pesa ilikuwa mezani. "Mdogo wangu, hizo saa mbili si zako. Ni za mvua, ni za foleni ya uhamiaji, ni za begi. Zako ni ngapi humo?" Kijana alikwenda, akarudi kesho yake.

Wenye ujuzi wa mbali mara nyingi husahau karibu. Yeye hasahau. Mstari wake, kama nilivyosema, unaanzia Mbagala, kwenye mlango wa mteja. Kutoka Rangi Tatu unafuata Barabara ya Kilwa, unakata kwenda Barabara ya Mandela, unafika TAZARA, kisha Barabara ya Nyerere mpaka uwanjani. Daraja la Mfugale lililofunguliwa pale TAZARA mwaka 2018 lilimfanya apunguze dakika kwenye hesabu zake, na aliandika tarehe aliyoanza kuzipunguza. Wa Tegeta na Bunju anashuka na Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge, Sam Nujoma, Ubungo, halafu Mandela hadi TAZARA. Hiyo kwa jioni ya siku ya kazi ni safari yenye ukubwa wake, na mtu aliyeachwa na ndege kwa ajili ya foleni ya Mwenge ameachwa sawasawa na aliyeachwa kwa ajili ya ukungu wa Guangzhou.

Mwezi wa Aprili anakuwa mkali zaidi. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili kuingia Mei na Oktoba kuingia Novemba, kwa awamu tatu, kila awamu na bidhaa zake. Ile ya kwanza huangukia katikati ya masika yetu. Yaani wakati wateja wengi kuliko wote wanataka kuondoka, ndio wakati mabonde ya Dar yanajaa maji na barabara zinafungwa. Kwa wateja wa Kinondoni huongeza saa mbili nzima kwenye kipande cha kwanza cha mstari, na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari anawapigia simu alfajiri mmoja mmoja: toka sasa hivi. Na kabla hata ya hapo humuuliza mteja anafuata bidhaa gani. Anayetaka nguo akafika awamu ya mashine, hata ndege yake ikiwahi kwa dakika, amekwenda bure.

Kalenda ya Wachina iliyo ukutani ina kazi hiyo hiyo. Mwaka wao mpya huhama kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, wafanyakazi wakienda makwao. Tiketi za Dar kwenda huko wakati huo zinaweza kuwa rahisi, na rahisi hiyo ni mtego. Dada ameuzungushia mwezi huo duara jekundu.

Sasa wapo wanaosema kazi hii inakufa, kwa kuwa kila mtu ana simu na simu inakata tiketi. Kwamba simu inakata tiketi ni kweli, na kamisheni za mashirika kwa mawakala zimepungua mpaka wengi wanaishi kwa ada ndogo wanayomtoza mteja. Sikubali kwamba ufundi umehamia kwenye simu. Simu inapanga orodha kwa bei au kwa muda. Haijui miguu ya mama, haijui vidonge, haijui Mto Msimbazi ukifurika, na haimpigii mtu alfajiri. Mtu mwenye uzoefu wa kusafiri anaweza kuyafanya mwenyewe hayo yote. Mtu anayepanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na mtaji wa kikundi chake chote cha vikoba kwenye mkoba, mwenye haki ya kufika na kurudi salama sawa na yeyote, anahitaji mtu aliyekwisha kuyafikiria kwa niaba yake.

Amemchukua kijana wa kumfundisha, mtoto wa dada yake, aliyemaliza kidato cha nne. Kwa miezi ya mwanzo hakumruhusu kugusa kompyuta. Alimpa kaunta buku, rula na kalamu mbili, akawa anamtajia safari za wateja waliokwisha kwenda na kurudi, na kijana anachora. Ndege imeondoka Guangzhou Ijumaa saa sita na robo usiku, imekaa saa nane, imetua Dubai saa ngapi? Kumi na robo alfajiri, mama. Ijumaa ipi? Hiyo hiyo. Akaunganisha na ya saa nne asubuhi, saa tano na nusu hewani, ametua Dar saa ngapi? Nane na nusu mchana. Mume wa mteja atoke Mbagala saa ngapi kumpokea? Hapo kijana alifikiri, akaongeza uhamiaji, akaongeza begi, akaongeza forodha kwa kuwa mwenye mzigo hukaguliwa, akakumbuka ni Ijumaa na barabara karibu na misikiti hujaa baada ya swala, akasema, "Atoke saa nane, asiwahi sana akalipia maegesho." Dada alitikisa kichwa kukubali, akamtajia nyingine.

Nilipopita mara ya mwisho alikuwa amempandisha darasa. Wateja wengi siku hizi hawaishii Guangzhou, wanaendelea hadi Yiwu, karibu kilomita 1,000 upande wa kaskazini-mashariki, kwenye soko la bidhaa ndogo ndogo. Kuna ndege na kuna treni ya mwendo kasi, na kijana alikuwa amepiga mstari mpya, ameweka Guangzhou kushoto na Yiwu kulia, anaorodhesha chini yake mambo ya kumuuliza mteja kabla ya kuchagua: anashuka uwanjani saa ngapi, ana begi ngapi, stesheni iko mbali kiasi gani na mahali anapolala, na je, anajua kusoma jina la stesheni kwa maandishi ya Kichina au aandikiwe kwenye karatasi.